Kisiwa, Manowari na Dola: Habari ya Uingereza

Mara nyingi husemwa kuwa Uingereza ilipata nguvu za baharini kwa sababu ni nchi ya kisiwa, kana kwamba maji yenyewe ndiyo yaliyounda merikebu, yakazipakia mizinga na kuzipeleka ng'ambo. Kauli hii si uongo, walakini ni nusu ya kweli. Kisiwa huwapa wakazi wake nafasi, hakiwapi dola. Tofauti hiyo si ndogo, maana dola ikiwa ni tunda la jiografia peke yake, basi hapana mtu wa kuulizwa habari za yale yaliyotendwa kwa ajili yake.

Mlango wa bahari unaoitenga Uingereza na Ufaransa, mahali pake pembamba karibu na Dover, una upana wa kilomita 33 hivi. Julius Caesar aliuvuka mwaka 55 K.K.; majeshi ya Kirumi yakarudi mwaka 43 B.K. na kuitawala nchi kwa muda wa karne tatu na zaidi. Wakafuata Wasaksoni, kisha watu wa Skandinavia, na mwaka 1066 William wa Normandy. Kisiwa kilikuwa kile kile na maji yale yale, wala hayakumzuia hata mmoja wao. Bahari isiyo na mlinzi ni barabara ya kila mwenye chombo.

Ulinzi huo ulijengwa polepole. Mwaka 1495 Mfalme Henry VII alijenga gudi huko Portsmouth, na mwanawe, Henry VIII, akaongeza karakana za merikebu katika Mto Thames. Mwaka 1558 Waingereza walinyang'anywa Calais, mji wao wa mwisho katika bara la Ufaransa. Hasara hiyo ilikuwa na faida iliyofichika, kwani tangu hapo hawakuwa na mpaka wa kulinda ng'ambo ya mlango ule. Mwaka 1707 Uingereza na Uskochi ziliungana, na mpaka wa ndani ya kisiwa ukaondoka pia.

Hapa ndipo kisiwa kilipofaa. Ufaransa ilikuwa na pwani mbili na watu wengi zaidi, lakini ilizungukwa na majirani, na fedha zake zililiwa na majeshi ya nchi kavu. Waholanzi walikuwa mabaharia hodari kuliko wote katika karne ya 17. Hata hivyo mwaka 1672 majeshi ya Ufaransa yaliingia nchini mwao kwa miguu. Mwingereza aliweza kuwa na jeshi dogo la nchi kavu na kuzielekeza fedha zake katika manowari.

Upepo nao ulisaidia. Katika bahari zile hutoka zaidi magharibi. Ulipovuma kwa nguvu, manowari za Ufaransa zilifungika bandarini Brest, na zile za Kiingereza zilizokuwa zikizivizia zilikimbilia Torbay au Plymouth, zikarudi baadaye kushika zamu. Kundi jingine la Wafaransa lilikaa Toulon, katika Bahari ya Kati. Na kati ya makundi hayo mawili ilisimama Gibraltar, iliyotekwa mwaka 1704.

Lakini upepo haununui mbao. Mwaka 1688 William wa Orange alivuka kutoka Uholanzi na kundi kubwa la merikebu, akateremka Torbay bila kuzuiwa. Maji hayakuwa ukuta hata siku hiyo. Kilichofuata ni mpango wa fedha: kodi zilizopitishwa na Bunge, na Benki ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1694 ili kuikopesha serikali fedha za vita. Milingoti ilitoka nchi za Baltiki na Amerika ya Kaskazini. Mabaharia wengi walikamatwa kwa nguvu na kutiwa katika manowari. Bahari iliko ndiko mito iendako, na mmoja wa mito hiyo ulikuwa wa damu: hadi biashara ile ilipopigwa marufuku mwaka 1807, merikebu za Kiingereza zilikuwa zimewachukua Waafrika zaidi ya milioni 3 utumwani.

Baada ya ushindi wa Trafalgar mwaka 1805 hapakuwa na mshindani wa karibu. Malta, Rasi ya Tumaini Jema, Singapore na Aden zikawa vituo vya dola. Je, kila kisiwa kingefanya vivyo hivyo? Japani ni visiwa pia, nayo katika miaka ya 1630 iliwakataza watu wake kusafiri ng'ambo, ikakaa hivyo zaidi ya miaka 200. Maji yalikuwa sawa. Shauri likawa mbali.

Unguja nayo ni kisiwa, na utajiri wake ulitoka baharini. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza ziliipiga kwa mizinga jumba la Sultani kwa muda usiotimia saa moja, na watu wapatao 500 wakafa au wakajeruhiwa. Maji yaliyoilinda Uingereza ndiyo yaliyowapitisha Waingereza hadi mbele ya jumba lile. Bahari haikuchagua upande. Waliochagua ni watu, na historia haina budi kuwauliza wao.