Jinsi dawa ya wadudu inavyozima kimeng'enya cha neva
Kimeng'enya ni protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali mwilini. Kimojawapo, asetilikolinesterasi, huvunja asetilikolini, kemikali inayopitisha ujumbe kutoka kwa neva hadi kwa misuli. Molekuli yake moja huvunja maelfu ya molekuli za asetilikolini kila sekunde.

Dawa za wadudu za jamii ya oganofosfeti, mathalani malathioni, hupachika kundi la fosfeti papo hapo kazi hiyo inapofanyikia. Kasi hushuka hadi karibu sufuri, wala wingi wa asetilikolini hauwezi kuliondoa kundi hilo. Kemikali hiyo hurundikana: mate na jasho humtiririka mtu, mboni za macho husinyaa, misuli hutetemeka na kupumua huwa taabu.

Atropini hupunguza dalili, bali kimeng'enya hubaki kimefungwa. Pralidoksimu huweza kuling'oa kundi la fosfeti, mradi itolewe mapema. Baada ya saa au siku kadhaa, kutegemea aina ya dawa ya wadudu, kifungo hukomaa na hakifunguki tena. Mwili hulazimika kuunda kimeng'enya kipya.

Kwa hiyo mkulima aliyemwagikiwa na dawa asingoje dalili zizidi. Avue nguo, aoge kwa maji na sabuni, kisha afikishwe hospitalini haraka.