Nanga Katika Damu: Historia ya Istilahi ya Glikolipidi

Kijiji cha Mloka, wilayani Rufiji, kimekaa kando ya mto, karibu na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Pori lile ni maskani ya mbung'o, na historia yake na wanyama wafugwao ni historia ya msiba. Majeshi ya Uingereza yalipofika Rufiji mwanzoni mwa mwaka 1917, farasi na maksai wao walikuwa wamekwisha kufa kwa maelfu njiani, wengi kwa nagana, na mizigo ikawaangukia wapagazi. Miaka tisini baadaye, wafugaji walioondolewa Ihefu waliingia Rufiji na ng'ombe wao.

Dalili kuu ya nagana tumezoea kuiita "upungufu wa damu". Jina hilo hutaja matokeo likaficha sababu. Mfugaji alisikiapo aweza kudhani kwamba mbung'o ndio walioinywa damu, au kwamba malisho ni haba, akahangaikia majani badala ya dawa; kumbe chembe nyekundu zinaharibiwa zingali mwilini. Ili kulieleza jambo hili, hatuna budi kuijua glikolipidi, yaani lipidi iliyoungana na sukari.

Istilahi za fani hii zilianzia kwenye ubongo. Mwaka 1884 J. L. W. Thudichum, tabibu Mjerumani aliyefanya kazi London, aliona kiini cha lipidi za ubongo kuwa ni fumbo, akakiita sfingosini, kwa jina la Sfinksi, dubwana la visa vya Wayunani lililotega vitendawili. Mwaka 1951 Tamio Yamakawa wa Japani na mwenzake walitenga glikolipidi kutoka katika damu ya farasi, wakaiita hematosidi, kwa neno la Kiyunani lenye maana ya damu. Baadaye ilidhihirika kwamba glikolipidi iliyo nyingi katika utando wa chembe nyekundu za farasi siyo iliyo nyingi katika chembe za binadamu.

Iko glikolipidi ya aina nyingine, nayo ndiyo ituhusuyo Mloka. Trypanosoma brucei, kimojawapo cha vijidudu vya nagana, hujifunika vazi la protini, na kila protini hushikizwa kwenye utando kwa glikolipidi ambayo muundo wake ulielezwa kikamilifu mwaka 1988. Wataalamu waliiita nanga. Mwaka 1990 Rifkin na Landsberger walionyesha, kwa chembe za damu ya kondoo, kwamba protini hiyo huweza kumhama mwenyewe pamoja na nanga yake, ikatia nanga katika utando wa chembe nyekundu. Hapo kinga ya mwili huivunja chembe hiyo, ikidhani imempata adui.

Kwa hiyo yafaa tuamue mambo matatu. Kwanza, "glikolipidi" ibaki kama ilivyotoholewa, kwani "mafuta ya sukari" yatamkumbusha msomaji jikoni. Pili, "nanga" ipokelewe bila shaka. Watu wa delta hawahitaji kufafanuliwa kazi yake. Tatu, "upungufu wa damu" uwe jina la hali kwa jumla, na pale chembe zinapoharibiwa tuseme wazi "uvunjikaji wa chembe za damu". Istilahi itajayo sababu humwelekeza mfugaji kwenye dawa.