Jamaa wa Shati Jekundu wa Ziwa Tanganyika

Wadau wa muvi za anga, leo naanza na nyinyi. Hii stori mnaijua hata mkiamshwa saa nane usiku. Chombo kinatumwa kwenda kuchungulia kitu kisichoeleweka. Mawasiliano yanakatika, kimya. Chombo cha pili kinatumwa kwenda kuangalia cha kwanza kimepatwa na nini, nacho kimya. Halafu linakuja limeli lenyewe, kubwa kuliko yote, linapita polepole, linakodoa macho, halioni kitu.

Na kama umeangalia Star Trek ya zamani, ile iliyoanza mwaka 1966 kule Marekani, unajua pia nani atakufa. Kapteni hafi. Daktari hafi. Anakufa yule jamaa wa shati jekundu ambaye hata jina hatujaambiwa. Mashati mekundu mle walivaa walinzi na mafundi wa injini, na mashabiki wameshazoea: ukimwona mtu wa shati jekundu usiyemjua anashuka na kapteni kwenye sayari ngeni, mwandalie sanda kabisa.

Sasa hiyo stori, kuanzia ule ukimya mpaka jamaa wa shati jekundu, ilishatokea kwetu miaka hamsini kabla ya Star Trek. Haikuwa angani. Ilikuwa Ziwa Tanganyika, kati ya Desemba 1915 na Februari 1916.

Nikisema kwetu namaanisha kwetu kweli, maana kwa mama ni Kapalamsenga. Ukimtajia mtu wa Dar jina hilo anakuuliza kama ni dawa ya tumbo. Ni kata ya Wilaya ya Tanganyika, mkoa wa Katavi. Ukitoka Mpanda mjini unashika njia ya ziwani, pande hizo hizo za Ikola na Karema. Mapigano ninayosimulia hayakutokea mbele ya Kapalamsenga, yalitokea upande wa Kongo, karibu na mto Lukuga, mji unaoitwa Kalemie leo. Lakini ziwa ni hilo hilo moja, na meli zilizopigana zilikuwa za upande wetu.

Kipindi hicho Tanganyika ilikuwa ya Mjerumani na Kongo ya Mbelgiji. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza Agosti 1914, Mjerumani hakupoteza muda. Mwezi huo huo aliitwanga meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, na kabla mwaka haujaisha akawa ameziharibu na zile mbili za Waingereza, Good News na Cecil Rhodes. Basi ziwa lote, kama kilomita 670 kutoka ncha hadi ncha, likawa lake. Alikuwa na Kingani, kameli kadogo kenye mzinga mmoja mbele, na Hedwig von Wissmann, kubwa kidogo. Halafu Kigoma akawa anaunganisha kubwa lao: Graf von Götzen. Hii ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye maelfu ya makreti, ikaja Dar kwa bahari kisha Kigoma kwa reli. Ilishushwa majini Februari 1915.

Upande wa pili, Waingereza wakaletewa wazo na mwindaji mmoja wa tembo aliyeitwa John Lee. Kwamba tusijenge meli pale, tubebe boti mbili za mwendo kasi kutoka Uingereza, tuzipitishe kimya kimya kwa nchi kavu mpaka ziwani. Wazo la kichaa, na ofisini London likapita. Boti zilikuwa na urefu wa kama mita 12 kila moja. Kamanda, Geoffrey Spicer-Simson, alitaka kuziita Cat na Dog, yaani Paka na Mbwa. Wakubwa wake wakakataa. Akarudi na Mimi na Toutou, yaani paka na mbwa kwa Kifaransa cha kitoto, wakapitisha bila kushtuka. Huyo jamaa alikuwa na vituko vyake, alikuwa anavaa sketi vitani, na karibu kila anayeandika habari hii humaliza kurasa zake kwa sketi hiyo. Mimi naiacha hapo.

Ninachotaka muone ni njia. Boti zilifika Cape Town Julai 1915, zikapanda treni mpaka kusini ya Kongo, na pale reli ikaisha. Mbele ilikuwa milima ya Mitumba, njia inapanda karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Boti zikavutwa na matrekta ya mvuke, na matrekta yakikwama zinavutwa na ng'ombe, na ng'ombe wakishindwa zinavutwa na watu. Njia ilikatwa porini kwa mikono, na madaraja zaidi ya mia yalijengwa. Matrekta ya mvuke yanakunywa maji balaa, na ilikuwa kiangazi, kwa hiyo wanawake wa vijiji vya njiani waliajiriwa kubeba maji kichwani kuyapelekea. Hebu jaribu kuipiga picha hiyo akilini: boti ya vita inapanda mlima, na inayoiwezesha ni ndoo ya mama mmoja ambaye hata ziwa hajawahi kuliona. Wazungu wa msafara ule hawakufika thelathini na vyeo vyao vyote vinajulikana. Hao wengine wameandikwa kwa jumla: wapagazi, vibarua, wenyeji.

Mwishoni mwa Oktoba boti zikafika Lukuga, zikafichwa. Upande wa Kigoma fununu zikaanza kusikika kwamba Wabelgiji wana jambo wanalipika kule. Jambo gani, hakuna anayejua.

Hapa ndipo muvi inaanza. Mwanzoni mwa Desemba ofisa wa Kijerumani aitwaye Job Rosenthal aliletwa usiku na Kingani karibu na Lukuga, akaogelea mwenyewe mpaka ufukweni kwenda kuchungulia. Ziwa lenye mamba, usiku, peke yake. Na aliona kweli: njia za kushushia boti majini zilikuwa zinajengwa. Tatizo likawa kurudi. Hakuipata meli yake gizani, kukapambazuka, Wabelgiji wakamkamata. Inasimuliwa kwamba baadaye aliruhusiwa kuandika barua kwa wakubwa wake, akaficha ujumbe nyuma ya karatasi kwa kuuandika na mkojo wake mwenyewe, maandishi yasiyoonekana mpaka yapashwe moto. Barua ilifika. Hakuna aliyewaza kuipasha moto mpaka miezi ikapita. Umeandika meseji muhimu kuliko zote maishani mwako, halafu haisomwi. Inauma, bana.

Tarehe 26 Desemba, Jumapili, Kingani ikarudi kuchungulia tena. Waingereza walikuwa kwenye ibada ya asubuhi ilipoonekana. Waliiacha ipite kwanza, kisha Mimi na Toutou zikatoka nyuma yake. Mzinga wa Kingani ulikuwa unapiga mbele tu, kwa hiyo ilibidi igeuke ndipo ijibu. Dakika kumi na moja, mchezo umekwisha. Nahodha Junge na baadhi ya watu wake walikufa palepale, meli ikatekwa, ikazibwa matundu, ikapewa mzinga mkubwa zaidi na jina jipya la mtindo ule ule: Fifi.

Kigoma kimya. Kingani haijarudi, na hakuna aliyejua imeliwa na nini.

Tarehe 9 Februari 1916 ikatumwa Hedwig, chini ya Luteni Job Odebrecht, kwenda kujua. Fikiria unafika unakotafuta meli yenu iliyopotea, halafu unakutana nayo imegeuka, inakupiga. Fifi na Mimi ziliifukuza kwa masaa. Meli hizi zilikuwa zinatumia kuni. Ili kuongeza mwendo, Wajerumani waliamuru kuni zimwagiwe mafuta, moto uwe mkali zaidi. Nani anachochea moto? Sio Odebrecht. Odebrecht yuko juu na darubini. Chini, kwenye joto, ni mabaharia Waafrika.

Fifi ilikuwa karibu kuishiwa makombora. Moja likaingia ubavuni mwa Hedwig, likapasukia chumba cha injini, boila likalipuka. Simulizi za vita hii zinatoa hesabu: walikufa mabaharia watano Waafrika na Wajerumani wawili. Odebrecht aliwaokoa waliobaki, akaizamisha meli yake asije akaiacha kwa adui. Waingereza waliokota bendera ya Hedwig, na hadithi ya bendera hiyo imeandikwa vizuri sana: nani aliiona, ilikuwa kwenye sanduku gani, ni ya kwanza ya jeshi la majini la Ujerumani kutekwa katika vita ile. Bendera ina wasifu. Wale watano wana namba.

Nimesoma simulizi kadhaa za vita hii, za kitabuni na za mtandaoni. Jina la mbwa sijui la farasi wa mtu utalipata. Jina hata moja la wale watano sijalikuta. Walikuwa watu wa wapi? Ujiji? Kigoma? Ikola? Meli zile zilikuwa zinazunguka ukanda huu wote na mabaharia walitoka huku huku. Tunajua walikuwa wapi kombora lilipopiga. Walikuwa penye injini. Shati jekundu.

Kesho yake likapita limeli lenyewe, Götzen, linakuja kuitafuta Hedwig ambayo ilienda kuitafuta Kingani. Likapita polepole, likaangaza, likaondoka. Spicer-Simson, yule shujaa wa sketi, aliliona na akakataa kutoka kupigana nalo. Wenzake walishangaa. Mimi simlaumu sana, lilikuwa limeli kama mita 70 na boti yake mita 12.

Mwisho wa Götzen mnaujua wengi. Julai 1916 reli ya kati ilikuwa inakaribia kuchukuliwa, Wajerumani wakaamua kuizamisha wenyewe, tarehe 26, karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Mafundi waliambiwa waizamishe kwa heshima, wakapaka injini zote grisi nzito kana kwamba wanaihifadhi. Wabelgiji waliiinua, ikazama tena kwa dhoruba. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, wakakuta injini bado nzima, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, jina la zamani la ziwa lenyewe. Ndiyo hiyo Liemba yetu, iliyobeba dagaa, mahindi, wakimbizi na maharusi kati ya Kigoma na Mpulungu kwa miongo yote hiyo.

Mwaka huo huo wa 1927, Dar kulizinduliwa sanamu. Unaijua, unaipita kila siku Posta: Askari, bunduki mkononi, bayoneti imeelekea bandarini. Watu wanapigia picha pale. Huyo naye hana jina. Ni mtu wa mfano, amesimama kwa niaba ya askari na wapagazi wote wa vita ile, na ni kumbukumbu nzuri, sisemi vibaya. Ila ukimsimamisha mmoja asiye na jina kwa niaba ya wengi wasio na majina, bado hujamtaja mtu.

Na sio kwamba majina ya Waafrika wa wakati ule hayawezi kubaki. Palepale Karema, siku zile zile meli zinatafutana ziwani, alikuwepo daktari mwafrika, Adrian Atiman. Alizaliwa Afrika Magharibi, akauzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akasomea udaktari Malta, akafika Karema mwishoni mwa miaka ya 1880 na kutibu watu pale mpaka alipofariki mwaka 1956. Jina lake tunalo, maisha yake tunayo, kwa sababu mapadri waliandika, yeye mwenyewe akasimulia, na watu wa Karema hawakumsahau. Wale watano hawakuwa na padri wala kalamu karibu, na wakubwa wao walikuwa na shughuli ya kuandika kuhusu meli.

Inawezekana majina yao yapo mahali. Wajerumani wale walikuwa watu wa madaftari, mshahara wa baharia uliandikwa. Lakini inawezekana zaidi yapo vichwani, kwenye koo za huku ziwani, kama habari ya babu aliyekwenda kufanya kazi melini enzi za Mjerumani na hakurudi, na hakuna aliyewaambia kilichotokea. Wameachwa wakingoja kama Kigoma ilivyokuwa inaingoja Kingani.

Nilimpigia mjomba wangu Kapalamsenga nikamuuliza. Alicheka kwanza, akasema yeye Liemba anayoikumbuka ni taa usiku, na mitumbwi inaenda kuipokea huko majini abiria wakirukia na mizigo yao. Nikamsimulia ya Hedwig na boila. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Watano?" Akasema kuna wazee wawili watatu Karema na mmoja Ikola, atawauliza akienda mnadani. Nikipata jina, hata moja, nitaliandika hapa.