Lukasa: Ubao wa Kukumbukia wa Waluba

Mto Lualaba hupita karibu na Kolwezi, katika ukanda wa shaba, kisha huteremka kaskazini hadi maziwa ya Upemba, nchi ya Waluba. Huko Sanga, wachimbuaji wa mambo ya kale walioanza kazi 1957 walikuta makaburi yenye misalaba midogo ya shaba. Hiyo ni dalili kwamba biashara ya ukanda huo wa shaba ilifika huko karne nyingi kabla ya makampuni ya migodi.

Historia ya dola la Waluba ilitunzwa vichwani mwa watu, na chombo cha kusaidia kilikuwa lukasa: kibao cha mbao kinachoenea mkononi, chenye shanga, kauri na misumari. Msomaji alikishika kwa mkono wa kushoto, akapitisha kidole cha shahada cha kulia juu ya shanga. Shanga kubwa iliyozungukwa na ndogo iliweza kuwa mfalme na watu wake. Mstari wa shanga, safari. Kidole kikisogea, habari za mashujaa wa kale wa dola hilo, Nkongolo Mwamba, Mbidi Kiluwe na Kalala Ilunga zilifuatana.

Wasomaji hawa walikuwa wa chama cha Mbudye, waliofundishwa hatua kwa hatua.

Ajabu kubwa ni kwamba kibao hakikuwa na maneno. Wasomaji wawili waliweza kusimulia tofauti kwa shanga zilezile, kwa kuwa kila mmoja alichagua kinachofaa mkutano uliokuwa mbele yake. Mwaka 1977 mwanahistoria Thomas Reefe alikieleza kibao hicho katika jarida la African Arts. 1996 vibao kama hivyo vilionyeshwa New York.