Maafa Hayaanzi Siku Yanapotokea: Mafunzo Kutoka Nchi ya Ufipa



Ukilitaja jina la Sumbawanga katika baraza yoyote ya pwani yetu, iwe Tanga, iwe Unguja au Mombasa, hakosekani mtu wa kucheka. Atakwambia huko ndiko kwa wachawi, kisha atakupa kisa alichokisikia kwa mtu ambaye naye alikisikia kwa mtu. Aghalabu msemaji mwenyewe hajapata kufika huko. Wala hajui kwamba wenyeji wa nchi ile hulifasiri jina hilo kuwa ni amri: "tupa uchawi". Mji unamwambia mgeni auache uchawi wake nje, nasi tumeligeuza jina lile lile likawa tusi kwa watu wake.

Maneno ya uchawi huzaliwa pale msiba unapomkuta mtu naye akakosa maelezo. Mtoto amekufa, shamba limeliwa, nyumba imeanguka. Hapo mtu huuliza maswali mawili. La kwanza: Mwenyezi Mungu amekadiria nini? La pili: nani kanifanyia? Swali la kwanza ni la imani, na jawabu lake tunalijua, nalo ni kusubiri na kurejea Kwake. La pili ndilo linalovunja ujirani. Lakini liko swali la tatu, ambalo wataalamu wa elimu ya watu na mila zao, yaani wanaanthropolojia, wamelifanya kuwa kazi yao: kabla ya msiba kufika, watu hawa walikuwa wakiishi vipi, na nani alikuwa amewekwa mahali pa kuumia?

Tulichukue swali hilo twende nalo Ufipa, tuone linatufikisha wapi.

ARDHI ILIYOTIKISIKA

Ufipa ni uwanda wa juu, nchi ya majani na upepo wa baridi, iliyokaa kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Mji wa Sumbawanga uko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, na bonde la Rukwa liko chini sana, kama mita 900 hivi ukiteremka magenge. Mabonde yale mawili ni sehemu ya ufa mkubwa unaoipasua Afrika ya Mashariki, na ardhi ya huko haijatulia hata leo.

Tarehe 13 Desemba 1910, zama za Wajerumani, nchi ile ilitikisika. Wataalamu walioupima baadaye ukubwa wa tetemeko lile waliukadiria kuwa kama 7.4, nalo ni miongoni mwa matetemeko makubwa kabisa yaliyopata kuandikwa katika Afrika ya Mashariki. Sasa liweke kando ya jingine. Tarehe 10 Septemba 2016 ardhi ilitikisika Kagera, kwa ukubwa wa 5.9. Nguvu ya tetemeko la Rukwa ilikuwa zaidi ya mara mia ya lile la Kagera. Hata hivyo la Kagera liliua watu wasiopungua 17, likawajeruhi mamia, na likaangusha maelfu ya nyumba katika Bukoba na viunga vyake, ilhali lile kubwa la 1910 halikuacha katika historia sifa ya mauti ya halaiki.

Imekuwaje dogo likaumiza hivyo, na kubwa likapita? Jawabu haliko katika ardhi peke yake. Mwaka 1910 watu wa Ufipa walikuwa wachache, na nyumba zao zilikuwa za miti, udongo na nyasi. Nyumba ya namna hiyo ikitikiswa huyumba, na ikianguka, aliye chini ya paa la nyasi ana matumaini ya kutoka. Ukuta wa matofali usiofungwa kwa nguzo na mikanda imara hauyumbi. Huvunjika, ukamwangukia aliyelala.

Msomi wa Kimarekani Anthony Oliver-Smith aliyaeleza mambo kama haya kwa mfano wa nchi ya mbali, Peru. Tarehe 31 Mei 1970 tetemeko liliutikisa mlima Huascarán, barafu na mawe yakaporomoka, na mji wa Yungay ukafukiwa. Katika jimbo zima walikufa watu kama 70,000. Oliver-Smith alikaa na walionusurika, akawasikiliza, kisha akarudi nyuma kuitazama historia yao. Aliona kwamba watu wa kale wa milima ile walitawanya makazi yao na kuezeka kwa nyasi. Walipokuja watawala wa Kihispania, waliwakusanya watu katika miji ya vichochoro vyembamba na mapaa mazito ya vigae. Kwa hesabu yake, tetemeko lile lilikuwa likitengenezwa kwa karibu miaka mia tano. Mtikisiko wenyewe ulikuwa wa muda mfupi tu.

Akaandika jambo jingine pia. Serikali ilitaka kuwahamishia walionusurika mahali pengine, nao wakakataa. Walijenga mji mpya karibu na ule uliofukiwa, kwa sababu wafu wao walikuwa pale na ujirani wao ulikuwa pale. Tunapozungumzia uwezo wa jamii kustahimili maafa, jambo la kwanza ni hilo: watu hawasimami upya kwa mabati na mablanketi peke yake, husimama kwa kushikana.

NZIGE WA RUKWA

Turudi Ufipa, tuteremke bondeni. Mbuga za Rukwa hufurika maji wakati wa mvua na kukauka kiangazi, na majani yake ni makao ya nzige wekundu. Kuanzia kama mwaka 1930 makundi ya nzige hao yalitoka katika mbuga za Rukwa na za Mweru wa Ntipa, iliyoko Zambia ya leo, yakaenea katika nchi nyingi za kusini ya Ikweta. Balaa lile halikwisha mpaka mwaka 1944.

Nzige hawachagui shamba la tajiri wala la maskini, lakini njaa inayofuata huchagua. Mwenye ghala hula ghala lake. Mwenye muhogo ardhini huchimba, kwa kuwa nzige wamekula majani na mzizi umebaki. Asiye na ghala wala muhogo huuza mbuzi, kisha huuza jembe, kisha huondoka kwao. Kwa hiyo mtaalamu akitaka kujua nani ataumia, hawahesabu nzige. Hufungua maghala, akauliza pia nani anamkopesha nani.

Binadamu hakukaa mikono mitupu. Mwaka 1949 nchi kadhaa zilianzisha pamoja shirika la kuwadhibiti nzige wekundu, makao yake yakiwa Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, ng'ambo kidogo ya mpaka wa Ufipa. Kazi yake ilikuwa kuwatafuta nzige katika mazalio yao kabla hawajaruka. Mwaka 2009 walipozidi tena katika mbuga za Katavi, Rukwa na Malagarasi, helikopta zilinyunyiza dawa iliyotengenezwa kwa kuvu wa asili, na balaa likazimwa bondeni humo humo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa ulizibwa.

NJAA NA MIKONO ILIYOONDOKA

Kusini zaidi ya Ufipa wako Wabemba. Katika miaka ya 1930 mwanamke wa Kiingereza, Audrey Richards, alikaa kwao akipima chakula chao. Alihesabu nani anakula nini, mwezi gani, na anagawana na nani. Kitabu chake kilichotoka mwaka 1939 kiliwakanusha waliosema Wabemba wana njaa kwa uvivu. Kilimo chao kilitaka kukata matawi ya miti na kuyachoma, nayo ilikuwa kazi ya wanaume wenye nguvu. Wanaume hao walikuwa wamekwenda katika migodi ya shaba. Waliobaki walikuwa wanawake, wazee na watoto, na miti ikabaki haikukatwa. Kumbe ile njaa ilikuwa na mzizi wake mgodini.

Wafipa, wenye nchi isiyo na miti mingi, walikuwa na maarifa yao. Mvua zikikaribia kuisha, hulima majani na kuyafunika kwa udongo katika matuta ya mviringo. Majani huoza ndani na kuwa mbolea. Msimu unaofuata matuta huvunjwa, udongo hutandazwa, na ulezi hupandwa. Kwa kilimo hicho waliweza kukaa vijiji vikubwa mahali pamoja. Joseph Thomson aliyepita huko mwaka 1880 aliwasifu kuwa wakulima wa amani.

Lakini matuta nayo yanataka mikono. Hapa, ndugu msomaji, pwani yetu inaingia katika hadithi. Wakati wa Waingereza vijana wengi wa Ufipa waliondoka kwao wakaja Tanga kukata mkonge, wakaitwa manamba. Hatukuwauliza nani amebaki analima kwao. Tulipowaona wamechoka na wamekonda, tukawatungia visa vya uchawi.

KUMTAFUTA MWENYE KOSA

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Mwingereza mwingine, Roy Willis, alikaa Ufipa. Kwa muda mrefu aliandika juu ya historia na masimulizi ya Wafipa, na alieleza jinsi jamii ile ilivyothamini maneno ya upole na kusaidiana. Pia alishuhudia jambo lililotokea huko katika miaka ya 1963 na 1964, lililoitwa Kamcape. Wapunga uchawi walipita vijijini, wakawachanja watu dawa na kuwataka watoe mapembe na hirizi. Vijana walikuwa mstari wa mbele, na wazee ndio walioangaliwa kwa jicho baya. Mwendo wa namna hiyo ulikuwa umepita kabla yake Nyasaland na kwa Wabemba katika miaka ya 1930, miaka ile ile ya nzige na ya mdororo wa uchumi wa dunia, na Richards aliuandika.

Willis hakucheka. Alitaka kujua watu hawa wamebeba mzigo gani hata wakatamani kuupunga kwa siku moja. Hilo ndilo somo kubwa la elimu hii. Anayemshuku jirani yake mara nyingi ana uchungu wa kweli, lakini ameuelekeza kwa mtu asiye na kosa. Mzee akishutumiwa, nzige hapungui hata mmoja, na kijiji kinapoteza mtu aliyekumbuka walikula nini mwaka wa njaa iliyopita.

NA SISI JE?

Mwezi wa Aprili 1872, zama za Sayyid Barghash, kimbunga kiliipiga Unguja na kuiangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba iliponea, na tangu hapo ikaongoza kwa karafuu. Upepo ulikuwa wa siku moja. Lakini kuweka riziki ya kisiwa katika mti mmoja, na jasho la shamba katika shingo za watumwa, yalikuwa mambo ya miaka mingi kabla yake.

Basi tusimsingizie Mungu yale tuliyoyajenga kwa mikono yetu, wala tusimtwishe jirani. Kadari ni haki. Lakini ukuta usiofungwa ni wetu, na mtaro wa mvua uliojaa taka mtaani ni wetu, na mjane anayelala chini ya paa bovu nyuma ya nyumba yetu ni wetu pia. Mtazame leo, kabla ya masika. Umjue anakula nini mwezi wa dhiki, na nani atambeba maji yakiingia usiku.

Na siku nyingine likitajwa jina la Sumbawanga barazani, watu wakaanza kucheka, waambie maana yake. Kisha waulize, sisi tumetupa nini?