Nusukaputi: watajuaje kama umelala?

Shangazi yangu, siku moja kabla ya upasuaji, aliniuliza: “Mwanangu, hivi watajuaje kama nimelala kweli?” Nikababaika. Mwandishi wa habari mzima, sina jibu! Nikaenda kuchimba, na haya ndiyo niliyoyakuta.

Oktoba 16, 1846, mjini Boston, Marekani, William Morton alimvutisha mgonjwa mvuke wa etha, akakatwa uvimbe shingoni mbele ya madaktari. Kwa karibu miaka mia moja baada ya hapo, kipimo kikuu kilikuwa jicho la daktari: pumzi zikoje? Mboni zikoje? Misuli imelegea? Mmarekani Arthur Guedel ndiye aliyezipanga dalili hizo kwenye chati.

Mwaka 1942, Montreal, Kanada, Harold Griffith na Enid Johnson wakaanza kutumia kurare, sumu ya mishale ya wawindaji wa Amerika Kusini, kulegeza misuli ya mgonjwa. Kazi ya kupasua ikawa rahisi, lakini dalili nyingi za Guedel zikapotea. Aliyelegezwa kabisa hatikisiki, hata kama akili iko macho! Daktari Scott Smith wa Utah alijitolea kuchomwa dawa hiyo bila kulazwa. Ripoti ya 1947 ilieleza kuwa fahamu zake hazikupotea hata kidogo, ila mwili wote ulimgomea.

Basi ikabidi kuuchungulia ubongo wenyewe. Mjerumani Hans Berger alikuwa amerekodi umeme wa ubongo wa binadamu tangu 1924. Mwaka 1996 Marekani ikaidhinisha mashine ya BIS: unabandikwa vipande kwenye paji la uso, inatoa namba. Karibu na 100 uko macho. Kwa upasuaji hutakiwa 40 hadi 60.

Na kile kibanio cha kidoleni? Kilitokana na wazo la Mjapani Takuo Aoyagi, miaka ya 1970. Kinapima oksijeni katika damu, na ni mlinzi mzuri wa uhai. Ila namba yake ikisoma 99 haimaanishi umelala. Hata BIS hudanganyika: ukilazwa kwa ketamini, namba yake si ya kuaminika.

Nilipomweleza shangazi, akasema: “Kumbe bado anatakiwa mtu wa kunitazama.” Kesho yake, kabla ya kulazwa, alimuuliza mtaalamu wa usingizi: “Utakaa na mimi mpaka mwisho?” Akajibiwa ndiyo.

Wewe msomaji, umewahi kupigwa nusukaputi? Uliuliza?