Picha za Kale za Wasafiri: Nani Alichora, Nani Alibeba?

Katika baadhi ya hoteli na ofisi kubwa za Afrika ya Mashariki utaona ukutani picha za kale zilizotiwa fremu: msafara wa wapagazi ukipanda mlima, mtumbwi ziwani, mfalme akipokea wageni. Chini yake pameandikwa mwaka 1860, 1863 au 1872. Wengi wetu huzitazama kana kwamba zimepigwa kwa kamera, tukasema, “Kumbe babu zetu walikuwa hivi!” Leo, ndugu msikilizaji, tuziulize picha hizo maswali mawili matatu kabla ya kuziamini.

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Katika miaka ile wachapaji hawakuwa na njia nyepesi ya kuchapa picha ya kamera pamoja na maandishi. Njia hiyo ilianza kuenea miaka ya 1880. Msafiri alichora kwa penseli au kwa rangi za maji. Aliporudi Ulaya, mchoro wake ulikabidhiwa kwa mchoraji wa mjini, akauchora upya juu ya ubao mgumu. Kisha mchongaji aliuchonga ubao ule mstari kwa mstari, ukapakwa wino na kupigwa chapa. Picha ikiwa kubwa, ubao uliunganishwa kwa vipande vidogo vilivyokazwa kwa bolti, na kila mchongaji akapewa kipande chake. Ukitazama vizuri baadhi ya chapa hizo, utauona mstari mweupe mwembamba mahali vipande vilipokutana.

Kwa hiyo picha imepita mikono mitatu, na miwili kati yake mara nyingi haikufika safarini.

Tuchukue mfano wa James Augustus Grant, Mskochi aliyesafiri na John Hanning Speke kati ya mwaka 1860 na 1863, kutoka Unguja hadi Buganda na kushuka na mto Nile. Walipofika Karagwe kwa Mfalme Rumanika, Grant aliugua mguu, akabaki pale miezi kadhaa huku Speke akitangulia kwa Kabaka Mutesa. Grant alikuwa mchoraji hodari. Kitabu cha Speke kilichotoka mwaka 1863 kina picha nyingi zilizotokana na michoro yake, lakini aliyezichora upya ni Johann Baptist Zwecker, Mjerumani aliyeishi London, ambaye hakuwamo katika safari ile. Michoro ya Grant mwenyewe imehifadhiwa Edinburgh, katika Maktaba ya Taifa ya Skotlandi. Anayetaka kuijua Karagwe ya mwaka 1862 na aanze na karatasi hizo, si na chapa ya dukani.

Ipo pia picha maarufu kuliko zote: Stanley akiinua kofia mbele ya Livingstone pale Ujiji, mwishoni mwa mwaka 1871. Siku ile hapakuwa na kamera, wala mchoraji wa gazeti. Picha ilitengenezwa mwaka 1872, baada ya Stanley kurudi Ulaya na masimulizi yake. Yeye ndiye shahidi, yeye ndiye mtoa habari, na yeye ndiye shujaa wa picha. Watu wa Ujiji, wenye mji, wamewekwa pembeni kama watazamaji wa mpira.

Je, picha hizi tuzitupe? La hasha! Picha ina thamani kubwa ikiwa pamoja na maneno yake. Chukua habari za Sidi Mubarak Bombay. Alizaliwa katika nchi ya Wayao, akauzwa utumwani na kupelekwa India, kisha akarudi Unguja akiwa mtu huru. Mwaka 1857 alifuatana na Burton na Speke, baadaye akaenda na Speke na Grant, kisha na Stanley, na mwisho na Cameron, aliyelivuka bara hili hadi pwani ya Atlantiki. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpa nishani ya fedha. Wasafiri hao wanamtaja kwa jina ndani ya vitabu vyao. Lakini kata ukurasa wa picha uutoe kitabuni, na wapagazi wote wanageuka kuwa “wenyeji” wasio na majina.

Na huko ndiko biashara ya vitu vya kale ilikotufikisha. Kitabu kizima huuzwa mara moja tu. Kikichanwa, kila picha huuzwa peke yake, na faida huongezeka. Maandishi yanayobaki hayana mnunuzi. Hivyo yanayopotea ni majina ya watu, bei za vyakula sokoni, mabishano ya mishahara na njia za misafara, yaani ile sehemu ya historia inayotuhusu sisi hasa.

Kwa hiyo wewe unayetaka kukusanya, chukua lupa. Ukiona vidoti vidogo vingi, hiyo ni nakala ya mashine ya siku za baadaye; chapa ya ubao ina mistari. Usidanganywe na rangi, kwani nyingi ya chapa hizi zilitoka nyeusi na nyeupe, na rangi zikapakwa baadaye ili kumvutia mnunuzi. Uliza imetoka kitabu gani, ukurasa gani, mwaka gani, kisha yaandike majibu hayo na uyahifadhi pamoja na picha. Usiitundike penye jua kali wala penye unyevu. Na ukibahatika kukuta kitabu kizima, kinunue kizima au kiache kizima.

Makumbusho zetu nazo zikionyesha picha hizi, ziweke chini yake majina ya waliobeba mizigo, si ya waliobebewa peke yao. Majina hayo yapo. Yamo katika kurasa zile zile zinazotupwa.